Alama za Kisu Ukingoni mwa Sarafu

Rabavere, Estonia, 3 Juni 1993

Kwako Bibi Meeta, Mswidi wetu wa Borås,

Shikamoo. Goti lako vipi, limekubali kukunjwa? Na kahawa ya huko bado ipo? Ile uliyotutumia imeisha zamani, na sasa mama anachemsha masalia yake kwa mara ya pili, tena anayasifu. Sisi hatujambo. Mama hajambo, ng'ombe wetu aliyebaki hajambo, na mimi ndiye sijambo kuliko wote: mabega yamepanuka mpaka shati la marehemu babu Villu linanibana. Mdogo wako alikuwa mtu mwembamba, usikatae. Kwa hiyo ukinitumia nguo usikisie kwa picha ya kipaimara.

Nimepata kazi. Shamba la ushirika limevunjwa, ng'ombe wamegawanywa, matrekta yamegawanywa, hata milango ya zizi watu wamegawana. Mimi na Vambo dereva wa katapila tunazibua mitaro pembeni mwa kinamasi ili maji yasirudi mashambani. Vambo anavuta vyuma, mimi nasimama mbele namwonyesha njia. Bila mimi angekuwa ameshafika Urusi.

Sasa sikiliza. Jumanne meno ya katapila yalipanda na mfupa.

"Ng'ombe," Vambo akasema.

"Ng'ombe gani anavaa buti?" nikamwuliza.

Alizima mashine. Tukatazama. Mtu mzima, au niseme mtu aliyekuwa mzima, kalala kwenye mboji, kawa mweusi kama chai iliyosahauliwa jikoni. Polisi walikuja kutoka mjini, wakasema ni wa wakati wa vita, hana karatasi, hana kibati cha shingoni, na chuma cha kufungia mkanda kimeliwa na kutu, hivyo hata jeshi lake halijulikani. Wakamtia kwenye sanduku la viazi. Vambo akafungua mkate wake akala. Mimi nilidhani mtu akiona fuvu hutetemeka. Sikutetemeka. Nilitazama tu, kama mtu anavyotazama basi la kwenda kusiko kwake. Nyumbani nikamsimulia mama, aliendelea kumenya viazi, akasema, "Wapo wengi."

Lakini kabla polisi hawajafika niliokota kitu chini ya mbavu zake. Usinikunjie uso, wao wangekipoteza. Ni sarafu, Bibi. Nene kidogo, pana kama kifuniko cha chupa ya maziwa, nyeusi tii. Ina tundu. Ukingo wake umetafunwa kama mkate mkavu uliopitiwa na panya. Uso umesuguliwa mpaka hakuna uso. Vambo anasema ni farasi, mimi naona mfalme mwenye pua, au mwanamke mwenye nywele za bandia. Sumaku haiishiki, kwa hiyo ni fedha safi. Nitaitambua tu, wewe subiri. Shuleni walisema sina kichwa, lakini walikuwa wananipima kwa hesabu, hawakunipima kwa macho.

Wewe unakaa kwa Waswidi, waulize kama walipoteza kitu huku.

Mjukuu wako mtaalamu,
Urmo


Borås, Uswidi, 10 Juni 1993

Urmo, mjukuu wa mdogo wangu,

Marahaba. Goti halikunjiki, nimeacha kuliomba. Kahawa nimetuma juzi pamoja na soksi. Soksi hazijali mabega.

Nina maswali, ujibu kwa utaratibu, usiruke.

Mtaro huo ni upi: ule wa upande wa kanisa, au ule unaopita nyuma ya kinu cha zamani na kuelekea pwani?

Tundu la sarafu liko wapi, juu ya kichwa cha huyo mfalme wako au chini?

Ukingo umetafunwa pande zote, au upande mmoja?

Usiiuze. Usiwape Wafini, wale watalii wa meli, hata wakikupa redio.

Msalimie mama yako. Hapa mvua.

Bibi yako,
Meeta


Rabavere, 18 Juni 1993

Kwako Bibi mpelelezi,

Shikamoo, na pole kwa mvua. Soksi zimefika na zimenienea, kahawa imefika na mama ameificha hata yeye mwenyewe hakumbuki wapi. Tu wazima sote.

Maswali yako hata polisi hawakuyauliza. Najibu kwa utaratibu kama mwanajeshi. Mtaro ni wa nyuma ya kinu, pale njia ya pwani inapokata. Tundu liko juu ya kichwa. Ukingo umetafunwa upande mmoja tu, kuanzia chini ya kidevu kuzunguka bega. Upande wa pili ni mzima kabisa.

Sasa kaa vizuri, maana nimeitambua. Nilikwenda nayo Haapsalu sokoni, kwa mzee mmoja anayeuza medali na vijiko vya bibi za watu, wanamwita Profesa kwa sababu ana miwani miwili. Akaigonga mezani, akasikiliza mlio. Akaipima kwenye mizani ya barua. Akaigeuza.

"Imekufa hii," akasema.

"Imekufa, lakini jina lake nani?"

"Kijana, hapa hakuna mwaka, hakuna jina, hakuna uso. Tupa."

Mimi nikachukua kurunzi yake, nikaimulika kwa ubavu, mwanga ukalala chali juu ya ile fedha. Huo ni ujanja wa Vambo wa kutafuta nyufa kwenye chuma. Vikatokea vivuli, Bibi! Mataji. Moja, halafu la pili, na la tatu nusu yake. Profesa akavaa miwani yake yote miwili. "Mataji matatu," akasema, "hii ni ya Mswidi, miaka mia tatu iliyopita, wakati nchi hii ilipokuwa yao." Akataka kujifanya ni yeye aliyeyaona kwanza. Nikamwambia, "Babu, mwanga nimeushika mimi."

Hata hivyo haina thamani, anasema, kwa ajili ya tundu na huo ukingo. "Mjinga fulani kaikwangua kwa kisu." Wafini wanaokuja na meli hununua kinachong'aa na chenye umbo, kilicholiwa hawataki.

Sitaiuza, nimekusikia. Nakuandalia zawadi. Itakapokufikia hutaitambua, utadhani imetoka leo mfukoni mwa mfalme. Mikono yangu si ya kuchezea.

Jingine: yule mtu wa sanduku la viazi karudishwa parokiani. Mchungaji atamzika Jumamosi ya tarehe 31 Julai, siku moja kabla ya Jumapili ya makaburi, ili watu watakaokuja kupiga reki makaburi yao wawepo. Atalazwa kwenye safu ya wasiojulikana, ila kama pana nyumba itakayosema ni wake. Mchungaji hataki vyeti. Anasema neno la nyumba linatosha.

Mjukuu wako, fundi na mtaalamu,
Urmo


Borås, 26 Juni 1993

Urmo,

Marahaba. Mimi mzima. Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikapiga pasi mashuka. Sasa nimekaa.

Zawadi sitaki. Na ni mfalme gani, sijali. Mfalme hajawahi kuja kwetu. Ninachotaka kujua Profesa wako hakijui, kwa sababu ni mtu wa mjini.

Kila nyumba ya parokia yetu ilikuwa na sarafu moja ya fedha ya urithi. Ya kununua haikufaa, lazima iwe imeachwa na marehemu. Mtoto akitoka vipele kwa kukaa juu ya ardhi mbaya, au macho yakivimba, mama alichukua kisu akaikwangua ukingoni, unga kidogo tu, akautia kwenye kijiko cha maji, au akaunyunyiza pale mtoto alipokaa, ili ardhi ilipwe iache kumsumbua. Kwa hiyo hakuna mjinga aliyeiharibu. Imeliwa na watoto wagonjwa. Na imeliwa upande mmoja kwa sababu kila mama huanzia pale mama mkwe wake alipoachia.

Wewe hujawahi kuambiwa habari za Kaljo, maana babu yako Villu hakupenda kusema, na mimi nilikuwa mbali. Kaljo alikuwa kaka yangu mkubwa. Villu alikuwa mdogo bado. Kaljo ndiye aliyekuwa na ngozi kama gome la mti. Nusu ya kilichopungua kwenye fedha yetu kilikwenda kwake. Ndiyo maana vuli ya 1944, mimi na yeye tulipoondoka kuwakimbia Warusi kwa mashua ya kwenda Uswidi, mama alimfunga yeye ile fedha shingoni kwa uzi. Mimi nilipewa mkate.

Tulipofika kinuni alisimama.

"Sikumfungulia ng'ombe," akasema.

"Mama atamfungulia."

"Mama hatamkumbuka leo."

Nikamwambia, "Nenda basi, mpumbavu, nakusubiri pwani." Nilisubiri. Mashua haikusubiri. Mama aliniandikia miaka mingi baadaye, barua zilipoanza kupita, kwamba ng'ombe alikuwa amefunguliwa. Yeye mwenyewe hakumwona Kaljo. Basi, hayo ndiyo tunayoyajua.

Kila Krismasi hapa Waestonia huwasha mishumaa ya wafu wao. Wa Kaljo mimi huununua, siuwashi. Watu wamezoea. Nilifanya kazi kwenye kiwanda cha vitambaa mpaka pensheni, na watu walidhani mimi ni mtu wa roho ngumu. Si ugumu. Ni kama mkono ulioulalia usiku kucha. Upo, lakini si wako.

Sasa uelewe shida yangu. Vuli ile wanaume wengi walipita kinuni, na wengi walikuwa na fedha yenye tundu na ukingo ulioliwa. Majirani zetu walikuwa nazo. Tundu na mahali havitoshi.

Lakini mama yetu alikuwa mtu wa shoto. Kalamu alishika kwa kulia kwa sababu shuleni walimchapa. Kisu hakuna aliyemchapa. Wengine wote, na bibi zetu wa kabla yake, walikuwa wa kulia. Mikwaruzo yake ndiyo ya mwisho, imekaa juu ya ya wengine. Mshike mfalme kichwa kikiwa juu. Azima kioo cha kukuza. Tazama pale palipoliwa: mikwaruzo ya juu kabisa imelalia upande gani?

Ikiwa imelalia kushoto, ni Kaljo. Azikwe ubavuni mwa mama, katika ile nafasi tupu aliyomwachia Villu. Ikiwa imelalia kulia, ni mtoto wa mtu mwingine, na azikwe na wenzake wasiojulikana. Sitaki mgeni alale na mama. Sitaki pia Kaljo alale na wageni.

Nijibu kwa neno moja.

Bibi yako,
Meeta


Rabavere, 5 Julai 1993

Bibi,

Shikamoo. Sisi wazima.

Umetaka neno moja: kushoto.

Hayo mengine ni ya bure. Jua limewaka wiki nzima, Vambo ameungua pua, namwita taa ya breki. Mchungaji nimemwambia, akaandika. Mama kasikia, akaenda kupiga reki nafasi ya Kaljo ingawa Jumapili alikuwa ameshaipiga. Fundi wa mawe anauliza aandike nini kwenye jiwe, nimemwambia asubiri neno lako.

Kazi ni nyingi, naishia hapa.

Mjukuu wako,
Urmo


Borås, 11 Julai 1993

Urmo,

Marahaba, asante. Mimi mzima, daktari naye anasema hivyo.

Nilisoma neno lako. Nikasubiri nilie. Nilizima jiko nisije nikaunguza kitu wakati nalia. Haikuja. Nikawasha televisheni, wakatoa habari za hali ya hewa, nikazisikiliza zote mpaka za kaskazini. Jana niliwaambia wanawake wa chama chetu. Walilia wao. Niliwakatia keki.

Kisha nikawasha mshumaa wa Kaljo, Julai, mchana, dirisha wazi. Uliungua ukaisha. Nikatupa kibati cha mshumaa.

Nimenunua tiketi ya meli. Nitashuka Tallinn Ijumaa ya tarehe 30, uje na Vambo mnichukue kama gari lake linafunga milango. Sijakanyaga huko tangu mashua ile. Mwambie fundi aandike jina la Kaljo na 1923–1944, herufi zisizo na mapambo. Na hiyo sarafu usiitume, ishike mpaka nije. Nataka kuiona mikwaruzo ya mama kwa macho yangu, na kuipitishia kidole.

Mwambie mama yako asisafishe nyumba kwa ajili yangu. Najua atasafisha.

Bibi yako,
Meeta


Rabavere, 16 Julai 1993

Bibi Meeta,

Shikamoo. Hatujambo. Andiko hili nimelianza mara nyingi na kila mara nikaanza na mzaha, nikalichana.

Sijui kama ni kushoto. Sikuona.

Barua yako ya mishumaa na ng'ombe iliponifikia, ukingo ulikuwa haupo. Nilikuwa nimeutoa mwenyewe. Ndiyo ile zawadi niliyokuwa naringa nayo. Nilikwenda karakana ya zamani ya ushirika, nikaibana sarafu kwenye jiliwa na vitambaa viwili ili isiumie, unaona nilivyo mwangalifu, nikachukua tupa nikaisawazisha pale palipoliwa. Kwanza tupa kubwa, halafu ndogo, halafu msasa wa maji, halafu majivu na kitambaa cha sufu. Nilifanya siku nzima. Ikawa mviringo, imepungua lakini mviringo, inang'aa mpaka Vambo akajitazama meno. Nilidhani utafurahi. Nilidhani mtu akitunza fedha huitaka iwe nzuri.

Barua yako niliisomea pale pale karakanani. Nikaishika sarafu chini ya kioo cha kukuza hata hivyo. Kuna mistari, Bibi, mizuri, sawasawa kabisa. Ni ya tupa yangu.

Nilifagia chini ya jiliwa. Unga wa fedha nimeukusanya kwenye karatasi, umechanganyika na kutu na vumbi la mbao. Hausemi ulilalia wapi.

Nikajaribu kukumbuka kwa mikono. Nilifumba macho nikaona mikwaruzo inalalia kushoto, kweli nikaiona. Kisha nikafumba tena nikijiambia ni kulia, nikaiona inalalia kulia vilevile. Kwa hiyo nilikuandikia lile ulilolitaka. Si kwamba nilipanga kudanganya. Uliomba neno moja, na lile jingine lilikuwa refu.

Usidhani nakwambia haya kwa sababu unakuja na kidole chako. Au labda ndiyo sababu. Nimelifikiria nikachoka.

Nilimwambia mama jana. Alikuwa anapaka chokaa ukutani, kwa ajili yako. Hakushuka ngazini.

"Mwambie leo," akasema.

"Atanichukia."

"Hilo ni lake. Wewe mwambie leo."

Kisha akaendelea kupaka. Nikangoja anitukane. Heri angenitukana.

Kwa fundi nilikimbia kwa baiskeli.

"Acha kuchonga jiwe," nikamwambia.

"Nimeshachonga K."

"Ifute."

"Wewe ni bingwa wa kufuta vitu, ee?" Kumbe kijiji kizima kinajua, Vambo ana mdomo kama mlango wa zizi. "Jiwe si ubao wa shule, kijana. Nitafutie mtu mwingine mwenye K."

Kwa mchungaji pia nilikwenda. Nilimwambia neno la nyumba yetu halikuwa neno. Hakukasirika. Aliuliza tu, "Sasa nichimbe wapi?" Nikasema nitamuuliza Bibi. Anasubiri mpaka Alhamisi ya tarehe 29. Akikosa jibu atamlaza safu ya wasiojulikana, maana hawezi kumweka tena kwenye sanduku.

Yule mtu bado yuko kwenye chumba cha kengele. Nilipita kumtazama. Nilisimama mlangoni kofia mkononi, sijui kama nilikuwa namwamkia mzee wetu au mzee wa watu, kwa hiyo nikasema shikamoo tu, nikaondoka.

Nikamwulize nani, Bibi? Nifanye nini? Ukitaka nisije bandarini, atakuja Vambo peke yake. Gari linafunga milango, mmoja kwa kamba.

Urmo


Borås, 22 Julai 1993

Urmo, mjukuu wangu,

Marahaba. Natumai barua hii itawahi. Nimeipeleka posta kuu mwenyewe na kuilipia ya haraka, na yule msichana wa dirishani ameniapia. Mimi mzima.

Barua yako niliisoma mara mbili. Nilitafuta hasira kama mtu anavyotafuta miwani, chumba hadi chumba, nikaacha. Kisha nikaona nina njaa. Nilikuwa sijasikia njaa tangu uliponiandikia kushoto, nilikuwa nakula kwa saa ya ukutani. Nikakaanga viazi na vitunguu na soseji, nikala vyote, nikakwangua kikaango. Sijui maana yake. Usinifafanulie.

Ulikuwa mjinga wa kazi safi. Wa aina hiyo nimefanya nao kazi kiwandani. Walipewa kitambaa cha zamani waoneshe mshono, wakakishona upya. Umenidanganya pia, na hilo ni tofauti, nalo tutaliongea nikifika, wewe ukiwa umesimama na mimi nimekaa. Njoo bandarini. Nani atanibebea sanduku, kamba ya Vambo?

Sasa habari ya kuchimba.

Nimejaribu kumlaza mtu huyu kwenye safu ya wasiojulikana. Nimejaribu usiku huu na jana. Kila nikimweka pale anasimama kinuni na kugeuka nyuma. Nimejaribu pia kumlaza ubavuni mwa mama nikiwa na uhakika kuwa ni Kaljo, nao uhakika huo nilikuwa nao kwa zaidi ya siku kumi, na nilikuambia ulivyokuwa: mshumaa na habari za hali ya hewa. Basi uhakika sihitaji sana kama nilivyodhani.

Mwambie mchungaji achimbe ubavuni mwa mama. Mwambie ni neno la nyumba, na safari hii ni langu.

Jiwe lisichongwe zaidi. K ibaki peke yake. Nusu ya wavulana wa parokia ile walianza na hiyo.

Na watu wakiuliza pale makaburini, maana watauliza, mashangazi wa pale hawana kazi nyingine, wewe nyamaza, jibu nitalitoa mimi. Nitawaambia kwamba huyu amelazwa kwa mama yetu kwa sababu alikuwa amelowa na alikuwa karibu. Kama ni Kaljo, amefika. Kama si yeye, Kaljo akija watasogeana.

Bibi yako,
Meeta